Laibrari ya kutresi kerneli na jasho la kuipakeji

Niseme mapema tu, kuandika programu ya eBPF inayokaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kukuambia prosesi gani imefungua faili gani ni kazi ya jioni moja, mbili kama umechoka. Ila kuitia hiyo programu ndani ya laibrari, laibrari uitie kwenye pakeji, pakeji iende kwa mtu usiyemjua mwenye kerneli ambayo hujawahi kuiona halafu bado ifanye kazi, hiyo ilinila karibu mwaka na nusu, na kuna siku nilitamani ningebaki zangu kutengeneza fomu za wavuti.

Tulichotaka kilikuwa kidogo sana kwa maneno. Laibrari ya C, mtu anaita fanksheni tatu, anza, soma tukio, funga, basi. Ndani yake kuna programu nne za kutresi, yaani kufuatilia matukio: prosesi zikianza, prosesi zikifa, mafaili yakifunguliwa, na koneksheni za TCP. Na tukaweka ahadi moja ambayo ndo ilinitesa mwanzo mwisho, kwamba kwenye mashine ya mtumiaji hatutahitaji kompaila (kigeuzi cha msimbo kuwa programu) wala hedari za kerneli, yale mafaili yanayoeleza data ya ndani ya kerneli imepangwaje.

Toleo la kwanza lilivunja hiyo ahadi kabla hata halijazaliwa maana tulitumia BCC, kifurushi cha zana za kuandikia programu za BPF. Sio kwamba BCC ni mbaya jamani, kwa mtu aliyekaa mbele ya terminali yake anataka kujua kwa nini diski inakokota miguu ni dawa kabisa, lakini inavyofanya kazi ni kwamba unabeba msimbo wako wa C kama maandishi na kila ukiwasha, Clang na LLVM zinaukompaili palepale. So pakeji yetu yenye msimbo wa kilobaiti chache ikawa inaburuta zaidi ya MB 100 za kompaila, na kwenye seva ndogo zenye RAM ya kubana zile sekunde za kukompaili ndo sekunde seva inapohema. Umeleta chombo cha kuangalia nani anakula prosesa, kumbe mlaji ni chenyewe.

Halafu hedari. Kuna watu hawaweki hedari za kerneli kwenye seva zao na wana haki. Mimi nikajiona mjanja, nikazitia hedari ndani ya imeji ya kontena ili nisimsumbue mtu, na kweli ikakompaili vizuri bila hata onyo moja, ila namba ya prosesi mzazi ikawa inatoka takataka, mara sifuri mara namba hasi kubwa isiyoeleweka. Hedari zilikuwa za kerneli moja na kerneli inayokimbia ni nyingine, strakti ya task_struct, rekodi ya kerneli kuhusu kila prosesi, imepanuka katikati, fildi zimesogea, na programu yangu inasoma baiti za mtu mwingine kwa ujasiri wote. Hakuna kosa lililotokea mahali popote. Hilo ndo lilinitisha zaidi, ingeanguka ningejua siku ileile, lakini ilikaa wiki tatu inadanganya watu kwa utulivu.

Hapo ndo nikahamia libbpf, laibrari ya kupakia programu za BPF kwenye kerneli, na hii habari ya CO-RE, yaani kompaili mara moja, kimbiza popote. Kwa ufupi inavyokwenda ni hivi: ukisoma fildi kwa BPF_CORE_READ, Clang haiandiki offseti (umbali wa fildi toka mwanzo wa strakti) kama namba ya kudumu, inaacha alama kwamba hapa bwana anataka fildi ya real_parent ndani ya task_struct. Siku ya kupakia, libbpf inafungua /sys/kernel/btf/vmlinux, ambayo ni maelezo ya taipu zote za kerneli inayokimbia muda huo, inatafuta hiyo fildi iko wapi leo, inarekebisha namba ndani ya instrakshen halafu ndo inaikabidhi kerneli. Maelezo ya aina hii ukiyaweka kwa DWARF, mfumo wa kawaida wa taarifa za kudibagi, yanapita MB 100, kwa BTF, mfumo mwembamba ulio kwenye hilo faili, ni MB chache tu, ndo maana distro, yaani Linux za watengenezaji mbalimbali, zimekubali kuyabeba muda wote. Kitu kimoja cha kijinga nilichosahau mwanzoni, bila -g kwenye Clang hiyo BTF ya upande wako haitoki, na mtu unajiuliza -g inahusiana nini na kazi yangu si ya kudibagi hiyo? Inahusiana.

Nikadhani nimemaliza. Nikawaambia wenzangu kabisa kwamba tumemaliza.

Ikaja kerneli 5.14. Kwenye hiyo fildi ya state ndani ya task_struct ilibadilishwa jina ikawa __state, alama mbili za chini mbele, basi. CO-RE inajua kufuata fildi iliyohama, ila haijui kufuata fildi iliyobadili jina, itajuaje? Kilichonichanganya ni ujumbe wa verifaya, mkaguzi wa kerneli wa programu za BPF, ulisema programu yangu inaita helpa (fanksheni ya kerneli ya kuisaidia programu ya BPF) isiyojulikana namba 195896080. Mimi sijaita helpa yoyote hapo! Nilikaa siku mbili napekua orodha ya helpa, nahisi labda kumbukumbu imeharibika, mpaka kwa kuchoka tu nikaigeuza hiyo namba kuwa heksadesimali ikatoka 0xbad2310. Isome vizuri uone, bad relo, na ile sifuri mkiani ndo o. Ni libbpf ilikuwa inaniachia ujumbe, ikishindwa kupata fildi inabadilisha ile instrakshen kwa makusudi iwe mwito batili ili verifaya iikatae kama itafikiwa. Nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Dawa yake ni nzuri ukishaijua. Unatangaza strakti ndogo ya kwako, unaiita mfano task_struct___zamani, alama tatu za chini, na libbpf inapuuza kila kitu kuanzia hizo tatu, inalinganisha na task_struct ya kweli. Kisha unauliza kwa bpf_core_field_exists kama fildi ya jina jipya ipo, kama ipo unasoma hiyo, kama haipo unasoma ya zamani, na tawi lisilotumika verifaya inaliona halifikiki inaliacha. Programu moja, kerneli zote mbili. Hapa ndo niliipenda hii teknolojia kwa kweli.

Ila majina ya fanksheni hakuna wa kukuokoa. Kprobe, mtego unaouweka kwenye fanksheni ya kerneli, unaitundika kwa jina, na jina ni mali ya kerneli sio yako. Kwenye 4.17 fanksheni za sistemu koli upande wa x86 zilipata kiambishi cha __x64_, sys_open ya zamani ikapotea. Kuna fanksheni kompaila inaamua kuzimezea ndani ya nyingine, hazipo tena za kutundikia, au inazibakiza lakini zinaota mkia wa .isra.0 na huwezi kutabiri. Wahenga walishasema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Mimi nilichofanya ni kuhamia tresipointi, sehemu za kutresia zilizowekwa rasmi ndani ya kerneli, popote ilipowezekana, maana hizo watu wa kerneli wanajitahidi wasizivunje, na kprobe nikabakiza moja tu kwa ile ya TCP, nayo ina njia mbadala.

Sasa kuna kosa langu lingine ambalo nakiri lilikuwa la uvivu. Ring bafa, njia ya kupitishia matukio kutoka kerneli kwenda kwa programu ya mtumiaji, ilikuja kwenye kerneli 5.8 na ni tamu kuliko perf bafa ya zamani, bafa moja kwa prosesa zote, matukio yanakuja kwa mpangilio. Nikaandika: kama toleo la kerneli liko chini ya 5.8 tumia perf, vinginevyo ring. Inaonekana safi. Kumbe kuna kerneli za RHEL 8, distro ya Red Hat, zinajiita 4.18 lakini zimerudishiwa vitu vingi vya BPF kutoka matoleo ya mbele sana, BTF ikiwemo, so namba ya toleo hapo ni kama jina la utani tu, haikuambii mtu ana nini mfukoni. Na upande wa pili unakuta kerneli mpya kabisa ambayo aliyeijenga kazima BTF ili apunguze ukubwa. Nikafuta kila mahali nilipolinganisha toleo, nikaweka kuuliza moja kwa moja, libbpf ina fanksheni kama libbpf_probe_bpf_helper, unaiuliza helpa fulani ipo, inajaribu kweli kwenye kerneli inakujibu. Ikawa polepole kidogo wakati wa kuwasha, sawa tu.

Memlock, limiti ya kumbukumbu ambayo prosesi inaruhusiwa kuifungia, sitaisemea sana. Kabla ya 5.11 kumbukumbu ya mapu za BPF (sehemu zake za kuhifadhi data) ilihesabiwa kwenye RLIMIT_MEMLOCK na kiwango cha kawaida kilikuwa kidogo, mara nyingi KB 64, kwa hiyo wewe ni root kamili na bado unaambiwa huna ruhusa. Ongeza limiti, endelea na maisha.

Tuje kwenye kupakeji, maana watu wengi wanaandika kuhusu verifaya wanaishia hapo kana kwamba baada ya hapo kuna malaika anapeleka faili kwa watumiaji.

Kwanza glibc, laibrari ya C ya msingi kwenye Linux nyingi. Nilijenga laibrari kwenye laptopu yangu yenye distro mpya, nikaipeleka kwenye seva ya zamani, ikakataa kwamba haioni GLIBC_2.34. Mimi situmii chochote cha kisasa humo ndani, nina pthread_create tu! Kumbe kwenye 2.34 laibrari ya pthread iliunganishwa ndani ya libc yenyewe na hizo simboli zikapewa toleo jipya, so ukijenga kwenye glibc mpya hata kitu cha kizee kinadai glibc mpya. Jibu la kawaida ni kujengea kwenye kontena la distro ya zamani, sisi tulichukua yenye glibc 2.17. Lakini huko Clang yake ni ya kale, haijui hata CO-RE ni nini.

Hapa nilihangaika sana kujaribu kuweka Clang mpya kwenye distro ya kale mpaka siku moja wakati naosha vyombo nikajiuliza, kwani baitikodi ya BPF inahusiana nini na glibc? Haihusiani na chochote. Inakimbia ndani ya kerneli, haijui kama duniani kuna libc. Basi tukagawa kazi mara mbili: kontena la kisasa lenye Clang mpya na bpftool, zana ya amri ya BPF, linakompaili programu za BPF na kutoa ile hedari ya skeletoni, ambayo kimsingi ni baitikodi yako imegeuzwa kuwa safu ya baiti ndani ya faili ya C, halafu hedari hiyo inapelekwa kwenye kontena la kizee lenye GCC ya kawaida linajenga upande wa mtumiaji. Mpaka wa kazi ni faili moja ya .h kwa kila programu. Ningelijua hilo mwezi wa kwanza ningeokoa nywele zangu. Angalizo dogo, unahitaji skeletoni kwa kila aina ya prosesa kama unasoma rejista kwenye kprobe, maana lazima useme -D__TARGET_ARCH_x86 au arm64, na hizo rejista hazifanani.

Skeletoni pia ilituondolea balaa lingine. Mwanzoni tulikuwa tunapeleka zile .o za BPF kama mafaili pembeni, na mmoja wetu akaweka llvm-strip kwenye skripti ili kupunguza ukubwa, bila -g. Bila -g inafuta na jedwali la simboli, na libbpf bila simboli haijui programu ipi ni ipi. Kwa -g inafuta DWARF tu na kuacha BTF, ndo unachotaka. Sasa fikiria na vile vifaa vya kutengeneza pakeji ambavyo navyo vina tabia ya kustripi kila kinachofanana na ELF, umbizo la mafaili ya programu, bila kukuuliza, unaona bora baiti zikae ndani ya laibrari yenyewe.

Halafu libbpf. Tuliamua kuilinki statiki, yaani kuibeba ndani ya .so yetu, faili la laibrari, kwa sababu matoleo ya 0.x na 1.0 yalipishana sana, ile ya 1.0 ya mwaka 2022 ilifuta fanksheni kibao za zamani na jina likatoka libbpf.so.0 kwenda libbpf.so.1, na sikutaka kubahatisha mtumiaji ana ipi. Ukijaribu kuitia libbpf.a ndani ya .so linka inaweza kulalamika kwamba haikukompailiwa kwa -fPIC, kwa sababu makefile yake inaweka -fPIC kwa upande wa shared tu, lazima uiongeze mwenyewe kwenye CFLAGS. Libbpf inataka libelf na zlib. Libelf mpya nayo inaweza kutaka zstd, na ukilinki statiki hiyo zstd haiji yenyewe, unapata kurasa mbili za simboli zisizojulikana, so tukajenga elfutils, mradi wenye libelf, wenyewe kwa --without-zstd na --disable-debuginfod. Kwenye musl, mbadala wa glibc, sasa ndo kabisa, elfutils inataka argp, fts na obstack ambazo musl haina, unatafuta laibrari tatu ndogo za kujazia. Ukimaliza hapo ukaisakinisha libbpf kwa make install, kwenye mashine ya biti 64 inaenda lib64, na kama distro yako haitazami lib64, pkg-config inakuambia libbpf haipo wakati umetoka kuiweka kwa mikono yako sekunde hiyohiyo. LIBDIR uiseme wazi, usiiachie makefile iamue, hasa kama unakompailia prosesa nyingine.

Na tukadhani statiki imemaliza ugomvi, wapi. Jamaa mmoja aliipakia laibrari yetu ndani ya programu yake ambayo tayari inatumia libbpf.so.0 ya distro. Simboli za libbpf yetu zilikuwa zimeachwa wazi, linka ya wakati wa kukimbia ikachanganya, mwito wa kwetu ukaangukia kwenye fanksheni ya libbpf yake yenye strakti za ukubwa tofauti, na programu ikafa sehemu ambayo haina uhusiano na chochote. Tangu siku hiyo nalinki kwa -Wl,--exclude-libs,ALL na skripti ya matoleo inayotoa nje simboli zetu kumi na mbili tu, na kwenye CI, mashine inayojenga na kupima msimbo yenyewe, kuna nm -D inayohesabu, ikiona ya kumi na tatu bildi inagoma.

Watu wa distro hawakufurahia. Mmoja aliyejitolea kututengenezea pakeji alituambia kistaarabu kwamba wao hawakubali nakala ya libbpf ndani ya laibrari nyingine, kukitokea tatizo la usalama hawataki kurekebisha sehemu arobaini. Nilibisha wiki nzima, na nikiangalia nyuma yeye alikuwa sahihi kwa upande wake na mimi kwa upande wangu, pakeji ya distro inaishi na ndugu zake wanaojulikana, tarbo yangu, lile faili la tar, inaenda porini peke yake. Tukaweka swichi ya bildi: kwa chaguo-msingi ya ndani, ukitaka ya mfumo sema. Leseni nayo iangalie mapema, libbpf ni LGPL-2.1 au BSD-2-Clause uchague, libelf ni GPLv2 na kuendelea au LGPLv3 na kuendelea, na programu yako ya BPF isipotangaza leseni inayoendana na GPL kuna helpa za kutresi kerneli itakunyima hapohapo.

Zikabaki zile kerneli zisizo na BTF kabisa. Kuna mradi wa BTFHub unaokusanya BTF za kerneli za zamani za distro nyingi, ila huwezi kubeba yote, ni mzigo. Bpftool ina amri ya gen min_core_btf, unaipa BTF kamili na programu zako, inakutolea kipande chenye taipu unazogusa tu, faili ya MB inabaki kilobaiti chache. Tukatia vipande vya kerneli wanazotumia watu wetu, kwa wengine tunasema ukweli kwamba hapa haiwezekani.

Kusema ukweli nako nilijifunza kwa aibu. Mwanzoni nilizima logi za libbpf kwa libbpf_set_print kwa sababu zilikuwa zinachafua skrini, so mtumiaji akikwama anaona -22 peke yake. Namba hiyo ni sawa na daktari kukuambia "unaumwa". Sasa tunazishika hizo logi kwenye bafa, mambo yakienda vizuri tunazitupa, yakiharibika tunazitoa zote pamoja na sentensi moja ya kibinadamu: kerneli yako haina BTF, au tracefs (mafaili ya kerneli ya kutresia) haijamauntiwa ndani ya kontena, au lockdown (kufuli ya usalama ya kerneli) imewashwa. Robo tatu ya maswali tuliyokuwa tunapata yalikufa hapo.

Linalonisumbua mpaka leo ni ruhusa. Tangu 5.8 huhitaji root kamili, CAP_BPF na CAP_PERFMON zinatosha kwa kazi zetu, so kile kiprogramu chetu cha terminali tunakipa hizo ruhusa kwa amri ya setcap. Hizo ruhusa zinakaa kwenye sifa za ziada za faili, na tar ya kawaida haizibebi, unafungua tarbo upande wa pili faili ipo ruhusa hazipo. Kwa hiyo setcap lazima ikimbie baada ya kusakinisha. Na ukishaiweka, linka inalichukulia faili kama la hatari inapuuza LD_LIBRARY_PATH, mtu aliyekuwa anatumia laibrari kutoka kwenye foda yake anaanza kulia kwamba haionekani. Kwenye skripti ya postinst, inayokimbia pakeji ikisakinishwa, kuna mstari wa setcap na juu yake komenti yangu mwenyewe inasema usiuhamishe huu mstari, na mwezi uliopita nikauhamisha nikasafisha safisha, ukakimbia kabla faili halijafika mahali pake, na toleo zima likatoka bila ruhusa.